Kupiga Picha Makaburi ya Zamani Vijijini: Mwongozo Kamili wa Oktoba na Novemba

Nyuma ya kanisa moja dogo kule Vihiga, magharibi mwa Kenya, kuna kaburi la simiti ambalo fundi aliliandika kwa ncha ya msumari, simiti ikiwa bado mbichi. Herufi N zote mbili zimegeuzwa. Kando ya mwaka pana alama ya kidole gumba, hadi mistari ya ngozi inaonekana, pale mwandishi alipoegemea ili asitie mkono wote. Mara ya kwanza nilifika hapo saa tatu asubuhi, jua likipiga jiwe usoni, nikapiga picha kumi na moja. Nilipozifungua nyumbani niliona simiti ya kijivu tupu. Jina halikuwepo, mwaka haukuwepo, wala kile kidole. Wiki iliyofuata nilirudi, nikakaa kwenye nyasi nikasubiri. Ilipokaribia saa tano na nusu, herufi zilianza kuinuka zenyewe, moja baada ya nyingine, maana jua lilikuwa limepanda na sasa miale yake inateremka juu ya uso wa jiwe ikiuparuza. Picha moja ilitosha.

Kaburi la zamani halina wino. Linasomwa kwa vivuli vilivyomo ndani ya herufi, na kivuli huja na kuondoka kwa saa yake. Ukilijua hilo, simu yako ya kawaida itakutosha. Usipolijua, hata kamera ya bei kubwa itakuletea jiwe tupu kama langu.

Kwa nini miezi hii

Huku kwetu hatuna majani yanayogeuka rangi na kupukutika, lakini Oktoba na Novemba ina uzuri wake. Nakuru jakaranda huangusha maua ya zambarau juu ya makaburi, na upande wa Kakamega na Vihiga kifabakazi hudondosha yake mekundu. Mvua za vuli zikianza, vumbi huoshwa kwenye mawe, anga la asubuhi hutakata, na mawingu hukusanyika mchana. Kando ya Ziwa Victoria mvua hupenda kuja alasiri, kwa hiyo kazi yako ifanye kabla ya saa nane.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende zaidi wiki ya mwisho ya Oktoba. Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote tarehe 2 Novemba, na kabla ya siku hiyo parokia nyingi hufyeka makaburi yao. Utakuta nyasi zimekatwa na njia imefunguliwa, na pia utakuta watu. Wazee wanaojua nani amelala wapi huwa pale pale na fyekeo mkononi. Ukikosa siku hizo, ngoja Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, au Januari na Februari nchi ikiwa kavu. Epuka Aprili na Mei: masika huwa na matope, nyasi hufika kiunoni, na jua huonekana kwa nadra.

Wapi pa kuanzia

Magharibi mwa Kenya wengi wetu tunazika nyumbani, na makaburi ya pamoja ni machache. Kwa hiyo mawe ya zamani yametawanyika, na kila mahali pana mlango wake wa kuingilia.

Anza na vituo vya misheni. Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana walianza Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Makanisa yaliyozaliwa na vituo kama hivi yametapakaa vijijini, na pale penye kanisa la zamani uliza kama kuna makaburi, maana mara nyingi yamejificha nyuma ya misaipresi au ndani ya ua wa kayaba, hata wanafunzi wa shule jirani hawajui kama yapo.

Kisha ifuate reli. Ilifika Nakuru mwaka 1900 na ziwani, Kisumu, Desemba 1901. Katikati kuna Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kibos: miji midogo iliyokua kwa sababu ya stesheni. Waliojenga reli hiyo walikuwa hasa vibarua kutoka India, wapatao 32,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wahindu huchoma maiti, na makaburi ya Kiislamu mara nyingi hayana maandishi ila jiwe la kichwani na la miguuni, kwa hiyo usitarajie kuwasoma wote kwenye mawe. Ukiingia makaburi ya Waislamu, mwone kwanza imamu au kamati ya msikiti.

Mahali pazuri pa kujifunzia mkono ni makaburi ya vita ya Gilgil, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mawe yamepangwa kwa safu, maandishi yamekaa sawa, nyasi zimekatwa. Piga hapo saa mbili, saa nne na saa sita, kaburi lile lile, uone jua linavyokufanyia. Ni darasa la nusu siku.

Mwisho kabisa, ukiwa umeshazoea, nenda kwenye maboma. Huko ndiko kwenye kazi ngumu na yenye maana kubwa, na ugumu wake hauhusu kamera.

Kubisha hodi

Kaburi la nyumbani ni ushahidi wa ardhi. Mtu akizikwa mahali, watoto wake wamepata neno la kusema juu ya mahali hapo. Kenya nzima ililiona hilo kwenye kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyoisha Mei 1987 kwa kuzikwa kwake Nyalgunga, Siaya, baada ya miezi ya kuvutana mahakamani kati ya mjane na ukoo. Sasa fikiria mgeni anaingia bomani na simu, anainama juu ya kaburi la babu, anapiga picha, anaandika kitabuni. Hata kama moyo wako ni mweupe, wenye nyumba watakuona kama mtu aliyetumwa na wanaoitaka ardhi yao. Nimewahi kuulizwa hivyo waziwazi na mama mmoja kule Seme, na alikuwa na haki kabisa ya kuuliza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina picha. Nenda kwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu siku moja kabla, ujieleze. Ukifika bomani simama langoni, bisha hodi, salimia kwa lugha ya pale hata kama huijui zaidi ya hapo: oyawore kwa Waluo asubuhi, mulembe kwa Wabukusu na majirani zao. Simu iwe mfukoni. Utaulizwa wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi. Jibu kikamilifu, taja kwenu, taja na aliyekuelekeza. Kisha sema unachotaka kwa maneno mepesi: "Mama, naomba kuona kaburi la mzee, nisome jina lake, na mkiniruhusu nilipige picha. Nitawaletea nakala." Halafu nyamaza usubiri.

Uliza mambo matatu zaidi: kama picha inaweza kuonyeshwa watu wa nje, kama kuna kaburi lisilotakiwa kupigwa, na kama kuna mtu wa nyumba atakayefuatana nawe. Hilo la tatu ndilo la thamani kuliko yote. Mwenyeji atakuonyesha usipokanyaga, atakusomea herufi iliyofutika kwa kuwa jina analijua, na atakuambia habari za yule aliyelala kando bila jiwe lolote. Ukikataliwa, shukuru, uondoke. Usipige kutoka barabarani kwa kuvuta lenzi.

Kanisani mwone padri, kasisi au mzee wa kanisa. Makaburi ya umma yana ofisi ya kaunti na mara nyingi mlinzi. Akikuomba barua, rudi kesho ukiwa nayo. Na popote ulipo, ukikuta mazishi yanaendelea, funga begi.

Vya kubeba

Simu yenye chaji na nafasi ya kutosha. Daftari na penseli, maana kalamu hukataa karatasi yenye unyevu. Kioo cha ukutani cha ukubwa wa daftari, kile chenye fremu ya plastiki kinachouzwa sokoni. Kadibodi iliyofunikwa karatasi ya foili upande mmoja. Tochi yenye mwanga mkali. Leso (kanga) mbili nzito. Chupa ya maji safi na brashi laini, kama ya kupakia rangi. Rula. Na gambuti: nyasi ndefu za msimu wa mvua huficha nyoka kama bafe, na siafu hupenda kupita makaburini baada ya mvua. Gonga ardhi kwa fimbo unapotembea. Nyuki nao hujenga ndani ya makaburi ya simiti yaliyopasuka, kwa hiyo sikiliza kabla ya kuinama.

Usikanyage bamba la kaburi hata kama linaonekana imara. Mengi yako wazi chini na simiti yake ni nyembamba. Usiegemee msalaba wala jiwe lililosimama.

Jua la Kisumu lilivyo

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, na vyote vinasema piga alfajiri au jioni, mchana pumzika. Kwetu sisi tuliokaa juu ya ikweta, ushauri huo ni nusu tu ya ukweli, na nusu nyingine ndiyo iliyonirudisha Vihiga mara ya pili.

Kwanza jua kwamba jua letu halifiki juu saa sita kamili. Saa ya Kenya imepangwa kwa longitudo iliyo mashariki yetu sana, kwa hiyo Kisumu mwanzoni mwa Novemba jua hufika kileleni kama saa sita na dakika ishirini na tano. Nakuru huwahi kama dakika tano. Februari huchelewa zaidi, hadi karibu na saa saba.

Sasa tazama jiwe lako limelala au limesimama.

Bamba lililolala, yaani lile la simiti lililofunika kaburi zima, linataka jua la chini. Saa moja asubuhi hadi saa mbili na robo, au saa kumi na moja jioni kama mawingu hayajafunga. Mchana jua hulipiga kutoka juu na kuzijaza herufi mwanga mpaka zinapotea.

Jiwe lililosimama ni kinyume chake. Makaburi mengi ya Kikristo yamelazwa mashariki na magharibi, kwa hiyo uso wa jiwe huelekea upande mmojawapo. Likiangalia mashariki, jua la asubuhi hulipiga usoni moja kwa moja, na hapo ndipo nilipokosea. Lisubiri saa tano na robo hadi saa sita na dakika kumi: katika muda huo miale huteremka karibu sambamba na uso wa jiwe, na kila herufi iliyochimbwa hupata kivuli chini ya ukingo wake wa juu. Likiangalia magharibi, muda wake ni saa sita na nusu hadi saa saba na nusu mchana. Wakati wapiga picha wengine wamekwenda kula, wewe ndio umeanza kazi.

Jiwe linaloangalia kusini ndilo zawadi ya miezi hii. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Machi jua liko kusini kwetu, na kwa kuwa tuko ikweta, Novemba hulipiga jiwe hilo kwa pembe ndogo tangu asubuhi hadi jioni. Kinachobadilika ni upande tu: ukiwa umesimama mbele yake, asubuhi mwanga hutoka mkono wako wa kulia, mchana juu, jioni mkono wa kushoto. Piga mara mbili, asubuhi na mchana, kwa sababu mstari wima wa herufi huonekana vizuri kwa mwanga wa pembeni, na mstari wa kulala huonekana kwa mwanga wa juu. Herufi E na F hunidanganya kila mara ninapokuwa na picha ya upande mmoja.

Linaloangalia kaskazini halitaona jua usoni hadi Machi ipite, na wakati wake bora ni Juni. Kama huwezi kusubiri, ndipo kioo kinapoingia.

Kioo, tochi na maji

Jiwe likiwa kivulini, mpe mwenzako kioo asimame mbali kidogo juani, hatua tatu au nne, pembeni mwa jiwe kuliko mbele yake. Arushe mwanga ili uteleze juu ya uso kutoka kando. Mwache azungushe kioo polepole huku wewe ukitazama herufi. Kuna nukta moja ambapo neno zima hutokea kwa ghafla, na ukiiona mwambie "hapo hapo" asitikisike. Ikiwa mwanga wa kioo ni mkali mno na simiti nyeupe inawaka, tumia kadibodi ya foili, ambayo mwanga wake ni mpole.

Siku ya mawingu, au kama una jiwe moja tu na jua limekataa, tengeneza usiku mdogo. Watu wawili washike leso juu ya jiwe kuzuia mwanga wa anga, kisha tochi ilale karibu kabisa na uso wa jiwe, kwa ukingo. Usitumie flashi ya simu. Inatoka pale pale ilipo lenzi na inafuta kila kivuli.

Kwenye bamba la simiti gumu au granaiti, maji safi husaidia. Lowanisha, halafu ngoja dakika chache. Uso hukauka kwanza, na herufi zilizochimbwa hubaki na unyevu kwa muda mfupi zikiwa nyeusi zaidi. Piga katika muda huo. Usifanye hivyo kwa jiwe linalomomonyoka, na usifanye kabisa kwa jiwe la sabuni.

Mambo ya kutogusa

Jiwe la sabuni la Kisii, lile linalochimbwa Tabaka, ni laini kiasi kwamba ukucha unaweza kulikwaruza. Nimeona kaburi moja ambalo mtu alilisugua kwa brashi ya waya ili litoke vizuri kwenye picha. Lilitoka vizuri siku hiyo. Sasa lina mistari ya waya na jina halisomeki tena.

Usipake chaki ndani ya herufi. Usipake unga, povu la kunyolea, rangi ya viatu wala oili. Usitumie dawa ya kuondolea madoa ya nguo: huingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kulila kutoka ndani, miaka baada ya wewe kuondoka. Yale madoa ya kijivu na ya manjano yaliyoshika kama ngozi yaache, kwa kuwa ukiyabandua yanaondoka na uso wa jiwe. Kinachoruhusiwa ni kidogo: kuondoa majani makavu kwa mkono, kupangusa vumbi kwa brashi laini, kusogeza nyasi kando na kuzishikilia kwa mguu unapopiga. Mmea uliootesha mizizi kwenye ufa usiung'oe, mwambie mwenye nyumba. Kitu chochote kilichowekwa juu ya kaburi, iwe ua la plastiki, sufuria au kikombe, kipigwe kilipo.

Kupiga picha yenyewe

Kabla ya kutoa simu, soma jiwe kwa macho na uandike daftarini. Jicho likisaidiwa na kidole kinachopita hewani bila kugusa huona vitu ambavyo simu haioni, na ukiwa nyumbani daftari ndilo litakalokuamulia kama ule ulikuwa mwaka wa 1931 au 1937.

Kisha piga kwa mpangilio huo huo kila kaburi, ili baadaye usijiulize picha hii ni ya wapi. Ya kwanza ni ya eneo: kaburi pamoja na nyumba, mti au kanisa lililo karibu. Usiidharau. Kwa desturi ya Waluo mume hulazwa upande wa kulia wa nyumba na mke upande wa kushoto, kwa hiyo mahali lilipo kaburi panasema jambo ambalo jiwe halisemi. Nyumba za udongo huanguka, na picha yako inaweza kubaki ushahidi pekee wa ilipokuwa.

Ya pili ni kaburi zima. Ya tatu ni maandishi, na hapa tulia. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, kuza mara mbili badala ya kusogea, kwa sababu lenzi pana ya simu ikiwa karibu hupinda jiwe likawa kama mtungi. Washa mistari ya gridi. Simu iwe sambamba na uso wa jiwe: kama jiwe limeinama, inamisha na simu. Piga magoti ufike kimo cha maandishi. Bonyeza kioo cha simu juu ya herufi na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo hadi sehemu nyeupe za jiwe zionyeshe chembe zake. Picha iliyo na giza kidogo inaweza kuinuliwa baadaye. Iliyowaka nyeupe imekwenda.

Usipige moja. Piga tatu au nne za maandishi, ukisogea kidogo kila mara. Angalia kivuli chako mwenyewe kisikatize jiwe, kosa ninalolifanya hadi leo saa moja asubuhi.

Baada ya hapo piga mstari mmoja mmoja kwa yale yasiyosomeka, rula ikiwa kando bila kuegemea jiwe. Zunguka nyuma na chini. Mafundi wengine waliandika jina la karakana yao kwenye ukingo wa chini, nusu umefunikwa na udongo. Kwenye marumaru za zamani herufi za madini ya risasi huanguka, lakini vishimo vyake hubaki, viwili au vitatu kwa kila herufi, na mpangilio wa vishimo hutosha kuitambua. Vipige kwa karibu sana.

Kulisoma jiwe

Nakili ulichokiona, usisahihishe. N iliyogeuka iandike hivyo daftarini. Herufi usiyoiona iwekee nukta, wala usiibahatishe.

Majina ya mahali yatakusaidia kupata wakati. Ukikuta Port Florence, hapo ni Kisumu ya mwanzo wa reli. Hadi mwaka 1902 Kisumu ilihesabiwa upande wa Uganda, kwa hiyo jiwe la kabla ya hapo linaweza kutaja Uganda bila kosa lolote. B.E.A. ni Afrika Mashariki ya Kiingereza, nchi ilivyoitwa kabla ya kufanywa koloni la Kenya mwaka 1920. North Kavirondo ni wilaya ya kikoloni iliyobeba Kakamega, Vihiga, Bungoma na sehemu ya Busia za leo.

Lugha nayo hubadilika kutoka kaburi hadi kaburi. Kwenye mawe ya Kiluo tafuta nonywol, alizaliwa, na notho, alifariki. Nind gi kwe ni lala kwa amani. Kwa Kiswahili cha zamani utakuta "hapa amelala" na "alikufa" mahali ambapo leo tungeandika "alifariki". Mara nyingine mwaka wa kuzaliwa haupo kabisa, au umeandikwa kwa kukadiria. Usiujaze.

Kuhifadhi na kurudisha

Jioni ile ile, kabla hujalala, badilisha majina ya mafaili. Mimi hutumia mahali, tarehe, namba ya kaburi na namba ya picha: vihiga-20231102-k07-3. Nakala moja ibaki kwenye simu au kompyuta, nyingine kwenye diski au hifadhi ya mtandaoni. Faili asili usilihariri. Fanya nakala, igeuze nyeusi na nyeupe, ongeza utofauti wa mwanga na giza, na wakati mwingine herufi tatu zaidi hujitokeza.

Alama ya mahali inayobandikwa na simu ni nzuri kwa makaburi ya umma na ya kanisa. Kwa makaburi ya maboma iondoe kabla ya kumtumia mtu yeyote, kwa sababu ile ile ya ardhi. Vivyo hivyo kwa tovuti za kimataifa kama Find a Grave: weka yale tu ambayo wenyewe wamekubali, na usiweke majina ya walio hai yaliyoandikwa kwenye jiwe kama waombolezaji.

Kisha timiza ahadi. Chapisha picha kwenye studio ya mjini, saizi ya kadi, karatasi nzuri. Nyuma yake andika kwa penseli jina, mahali, tarehe na aliyekuruhusu. Peleka mwenyewe. Mara nyingi hapo ndipo ninaposahihishwa: mtoto wa marehemu anaitazama picha, anasema jina lile lina h ndani, fundi aliisahau. Naandika daftarini yote mawili, la jiwe na la mtoto.

Na panga kurudi. Kaburi la Vihiga nalipiga kila mwaka wiki ya kwanza ya Novemba, saa tano na nusu, nikiwa nimepiga magoti pale pale, rula mahali pale pale. Nikiziweka picha kwa safu naona ufa ulioanzia pembe ya juu kushoto. Mwaka wa kwanza ulikuwa mfupi kuliko ukucha. Sasa umeingia kwenye ile N ya kwanza iliyogeuka, na umebakiza upana wa vidole viwili kufikia alama ya kidole gumba. Nimemwonyesha mzee wa kanisa, na tumekubaliana na familia kwamba Januari, kukiwa kukavu, fundi atakuja kuziba ufa kwa chokaa laini bila kugusa maandishi.